Ngozi ya Bibi Harusi: Kutoka Samli ya Karagwe Hadi Kopo la Mkorogo



Leo naandika kutoka Chonyonyo, Karagwe, kule juu kabisa Kagera, ambako mvua ikinyesha unatafuta sweta na migomba imeziba madirisha. Najua wengi wenu mko visiwani na huku mnakusikia kwenye taarifa ya hali ya hewa tu. Lakini huku na kwenu kuna habari za zamani zilizoungana, na zimeungana mpaka kwenye jambo hili la mwanamke na ngozi yake. Nimeamua niliandike kwa sababu mimi ni fundi wa nguo za harusi. Bibi harusi akija kupimwa hujifungua mabega, naona mgongo, naona shingo. Miaka hii ninachokiona mara nyingi ni uso mweupe, vidole vya mkono vimebaki na weusi kwenye maungio, na ngozi ya bega nyepesi hadi mishipa inahesabika. Kila mmoja ananiambia ni kwa ajili ya siku ile moja.

Tuanze mbali kidogo.

Mwezi Novemba 1861 msafara uliotoka Zanzibar mwaka uliotangulia ulifika Bweranyange, makao ya Rumanika, mtawala wa Karagwe. Wakubwa wa msafara walikuwa Waingereza wawili, John Speke na James Grant, wakiongozana na wapagazi na walinzi wengi waliochukuliwa pwani, na Sidi Mubarak Bombay akiwemo. Hawakuwa wageni wa kwanza kutoka baharini. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikwishakuwa na kituo Kafuro, karibu na makao hayo, na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya India aliyekaa Tabora, alikuwa akifanya biashara na Karagwe kabla yao. Stanley alipopita hapa mwaka 1876 alimkuta Kafuro Hamed Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu. Kwa hiyo Uislamu na vitambaa vya pwani vilifika huku juu kwa njia moja, kwenye vichwa vya wapagazi. Sikuutaja msafara huu bure, maana wageni hao waliandika walichokiona, na sehemu ya walichokiona ilikuwa miili ya wanawake.

Speke alistaajabu kwamba wanawake wa jamaa ya mtawala walikuwa wanene kupita kiasi. Walilishwa maziwa kutwa kucha, maana unene ndio uliokuwa uzuri wenyewe. Mmoja wao hakuweza kusimama vizuri. Speke alichukua kipimo akampima, akaandika kitabuni: mkono inchi 23 kuuzunguka, kifua inchi 52, paja inchi 31. Mimi napima watu kila siku, na nimewahi kushona gauni la mwanamke mkubwa, lakini mkono wa inchi 23 sijawahi kuuandika daftarini. Ila kinachonikera si vipimo. Kinachonikera ni kwamba mtu huyu hakuwa fundi, wala ndugu, wala mume, na hakukuwa na nguo ya kushonwa. Alimpima mwanamke wa watu ili awasimulie kwao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863 na mpaka leo vipimo hivyo vinasomwa.

Alichokosa kukithamini ni kwamba wafugaji wa Karagwe na jirani zetu wa Ankole walikuwa na utaratibu wao wa ngozi. Siagi ya ng'ombe ilikuwa ya kula na ya kupaka. Waliusugua mwili kwa siagi mpaka ukang'aa, na vyombo vya maziwa vilifukizwa moshi wa nyasi maalum ili viwe na harufu nzuri. Mzungu mwenye pua ya sabuni aliona ni uchafu. Mzanzibari anayefukiza nguo kwa udi angeelewa mara moja, mafuta na moshi, basi. Na ukimuuliza daktari wa ngozi leo kwa nini mafuta yale yalifanya kazi, atakuambia jambo rahisi: ngozi inapoteza maji, na kitu chenye mafuta juu yake kinayazuia yasitoroke. Ndiyo kazi ileile ya mafuta ya mgando tuliyonayo kila nyumba, ambayo Robert Chesebrough aliyachukulia hataza Marekani mwaka 1872. Siagi ilikuwa inachacha na kunuka, mafuta ya mgando hayachachi. Tofauti kubwa ni hiyo. Kwa hali ya hewa ya huku, baridi na upepo, ngozi ya miguu inapasuka kama ardhi ya kiangazi, na nimeona wanawake wakinunua losheni ya bei kubwa wakati kopo la mafuta ya mgando lingetosha, likipakwa ngozi ingali na unyevu wa kuoga. Tena hayana harufu, kwa hiyo hata mwenye ngozi inayokataa manukato anayavumilia.

Sasa Grant. Habari zake nazipenda kuliko za Speke, ingawa ni za mateso. Desemba ile ya 1861 mguu wake wa kulia ulivimba, ukaharibika, ukatoa usaha, na hakuweza kutembea. Speke alimwacha Karagwe mwezi Januari akaenda Buganda peke yake. Grant alikaa kwa Rumanika miezi, akauguzwa na wenyeji. Walimbandika mchanganyiko wa moto wa kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwa. Walimchanja wakamtia dawa nyeusi kama baruti. Aprili 1862 alipoondoka alibebwa kwenye machela. Madaktari wa baadaye waliosoma maelezo aliyoyachapisha mwaka 1864 wanadhani ulikuwa ugonjwa ambao leo unaitwa kidonda cha Buruli, unaotokana na kijidudu cha jamii moja na vile vya kifua kikuu na ukoma. Daktari Albert Cook aliviona vidonda vya namna hiyo Mengo, Uganda, mwaka 1897. Kijidudu chenyewe kilielezwa Australia mwaka 1948, na jina likatoka Buruli ya huko Uganda. Ikiwa wanadhani sawa, basi mmoja wa wagonjwa wa kwanza kuandikwa duniani alilala hapa kwetu. Siku hizi kuna dawa za vidonge zinazoponya kabisa kidonda hicho kikiwahiwa, na kinyesi cha ng'ombe kwenye kidonda kinaweza kuleta pepopunda. Hata hivyo siwacheki waliomuuguza. Walifanya walichojua, na walimfanyia mgeni.

Wakati Grant amelala kwa Rumanika, Unguja kulikuwa na mambo mengine. Seyyid Said alikwishajenga hamamu za Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, na katika jumba la Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, kulikuwa na hamamu ambazo yeye mwenyewe amezieleza katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajengesha hamamu za mjini, na mtaa mpaka leo unaitwa Hamamni. Kuoga kwa mvuke, kusuguliwa, kupumzika. Hiyo ilikuwa anasa ya mjini. Lakini singo ilikuwa ya kila mtu.

Nyinyi wa visiwani singo mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitawafundisha: waridi, asumini, mlangilangi, mrehani, karafuu, liwa, vikakaushwa, vikatwangwa, vikalowekwa kwa maji ya marashi, somo akamsinga mwari wake mpaka taka zikadondoka kama uzi. Nataka niseme jambo moja tu ambalo madaktari wa ngozi wanalisisitiza. Kusugua kunaondoa ngozi iliyokufa na ndiyo maana bibi harusi anang'aa, lakini karafuu na mafuta ya maua ni vitu vyenye nguvu. Wapo wanaowashwa navyo. Anayejijua ana pumu ya ngozi au chunusi zilizovimba asisuguliwe uso. Na kila mchanganyiko ujaribiwe kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono, usubiriwe siku mbili tatu, na jaribio lifanyike mwezi kabla, lisingoje juma la harusi. Somo mzuri hakasiriki akiambiwa hivyo.

Haya yote, siagi ya huku na singo ya huko, yalikuwa yanaifanya ngozi iwe nzuri ikiwa na rangi yake. Hakuna aliyekuwa anaipigania ibadilike. Hapo ndipo historia inapogeuka.

Krimu za kuchubua ziliingia Afrika Mashariki kama bidhaa nyingine za dukani, zikapata matangazo magazetini, na kufikia miaka ya 1960 zilikuwa jambo la kawaida mijini. Hapa Tanzania Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Oktoba 1968 kile kilichoitwa Operesheni Vijana, kikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima na utamaduni wa taifa. Kule Kariakoo wanawake walivamiwa na makundi ya vijana kwa ajili ya nguo zao. Mimi naamini kustiri mwili ni amri ya Mola wetu, lakini kumvua mwanamke barabarani ili kumfundisha stara ni kituko. Na katika kelele zote hizo krimu zilihesabiwa pamoja na mawigi, kama mapambo mabaya ya kigeni. Habari ya figo haikuwemo.

Ilikuja mwaka 1972. Madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la matibabu la Uingereza habari za watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya protini ipotee kwenye mkojo na mwili uvimbe. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wengi wao walikuwa wanawake vijana. Wapo waliopona baada ya kuacha krimu. Jambo la kutisha ni kwamba walichokuwa wanapaka usoni kilikuwa kinaharibu kiungo kilicho kiunoni, na kioo hakiwezi kumwonyesha mtu figo.

Zebaki ni ileile ambayo wachimbaji wa Geita wanaitumia kukamatia dhahabu. Ukilijua hilo utaielewa ishara ambayo wataalamu wanatuambia tuiangalie: ukikuta maelezo ya kopo yanakutahadharisha usiguse pete, vito vya dhahabu au fedha unapopaka, kopo hilo lina uwezekano mkubwa wa kuwa na zebaki, kwa kuwa zebaki inaila dhahabu. Bibi harusi na dhahabu zake, fikiria. Na haibaki kwa aliyepaka. Mwaka 2010 huko California, Marekani, wachunguzi walikuta familia nzima ina zebaki kwenye mkojo, hata watu wa nyumba ambao hawakupaka chochote, kwa sababu ilihamia kwenye mashuka, taulo na mikono. Mtoto anayenyonya yumo humo. Dalili za figo ambazo daktari anataka uziwahi ni uso kuvimba asubuhi, miguu kujaa, na mkojo wenye povu lisiloisha.

Nchi za dunia zilikubaliana mwaka 2013 kwenye mkataba wa Minamata, jina la mji wa Japani ambao watu wake walisumishwa na zebaki kupitia samaki. Mwanzoni mkataba uliruhusu kiasi kidogo sana kwenye vipodozi, miligramu 1 kwa kilo. Mwaka 2023 kikao cha Geneva kiliamua hata kiasi hicho kiondoke, mwisho wake ukiwa 2025. Huku kwetu sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya 2003 iliunda TFDA, na vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vikapigwa marufuku. Tangu 2019 kazi ya vipodozi Tanzania Bara iko TBS, na Zanzibar iko ZFDA. Sheria ipo. Makopo nayo yapo, kwenye mabegi ya wachuuzi. Anayekuuzia hakupi risiti.

Haidrokwinoni nayo ina historia yake, nami naielezea kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi kuwa ni salama. Mwaka 1939 wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama huko Marekani walianza kutoka mabaka meupe mikononi. Uchunguzi ukaonyesha sababu ilikuwa glavu za mpira walizovaa, zilizotiwa kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni. Yaani ajali ya kazini ikageuka biashara. Kwa miaka mingi iliuzwa kama krimu. Kisha Afrika Kusini, ambako ilitumika sana, mwaka 1975 daktari wa ngozi aliandika juu ya wanawake waliopata kinyume cha walichotafuta: mashavu yamekuwa na weusi wa kibuluu, mgumu, wenye vipele vidogo kama masizi yaliyogandia sufuria. Weusi huo unakaa ndani ya ngozi na ni vigumu mno kuutoa. Afrika Kusini iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990, Ulaya ikafuata mwaka 2001. Daktari anaweza kumwandikia mgonjwa kwa muda maalum na kwa ugonjwa maalum, akimfuatilia. Hilo ni jambo jingine kabisa na kopo la sokoni lililochanganywa na mtu asiyejulikana.

Ya tatu ni steroidi. Hii naiona zaidi kwa mabibi harusi. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba haidrokotizoni ikipakwa inatuliza ukurutu, na ilikuwa neema kubwa kwa wagonjwa. Baadaye zikaja zenye nguvu mara nyingi zaidi. Zikitumiwa vibaya zinaifanya ngozi iwe nyeupe na nyembamba, na wiki za mwanzo uso unakuwa laini kweli, chunusi zinatulia, mtu anaona amepata dawa. Akiacha, uso unalipuka, unawaka, chunusi zinarudi na jamaa zake, kwa hiyo anarudia kupaka. Michirizi inatokea mapajani na kwenye matiti. Fangasi zinatambaa bila kuwasha vizuri, kwa hiyo hata daktari anababaika kuzitambua. Na kuna jambo ambalo wauguzi na madaktari wa upasuaji wanalilalamikia: mwanamke akifanyiwa upasuaji wa kujifungua, ngozi iliyokonda haishiki nyuzi na kidonda kinachelewa kufunga. Hili mimi nalielewa bila kuelezwa mara mbili. Kitambaa kilichochoka hata ukishone kwa uzi wa bei gani, sindano inapasua tu. Bibi harusi wa leo ni mzazi wa mwakani, inshaallah.

Kwa upande wa dini sitajifanya shekhe. Lakini sote tumefundishwa kwamba katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, tofauti za rangi zetu zimetajwa kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Tumefundishwa pia habari ya wale waliolaaniwa kwa kubadilisha maumbile aliyoyaumba Allah kwa ajili ya urembo, na kwamba wanavyuoni wanatofautisha hilo na kutibu ugonjwa. Mwenye mabaka ya ujauzito, mwenye vitiligo, mwenye makovu ya moto, huyo anatibiwa na hana lawama. Nani anaamua kipi ugonjwa na kipi ni rangi yako tu? Daktari wa ngozi, nasi tumepata bahati ambayo bibi zetu hawakuwa nayo.

Bahati hiyo iko Moshi. Mwaka 1992, pale hospitali ya KCMC, kilianzishwa Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, wengi wanakiita RDTC, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na jumuiya ya madaktari wa ngozi wa dunia. Mkuu wake wa kwanza alikuwa daktari Mjerumani, Henning Grossmann. Walifikiria kitu ambacho naona kilikuwa cha akili sana: wagonjwa wengi wako vijijini na madaktari bingwa ni wachache, basi wachukuliwe maofisa tabibu na wauguzi wenye uzoefu, wasomeshwe ngozi kwa miaka miwili, warudi wilayani kwao. Wamesoma pale watu wa nchi nyingi za Afrika, na baadaye wakaanza kusomesha mabingwa wenyewe. Kwa hiyo ukienda hospitali ya wilaya au ya mkoa usiombe tu dawa ya kupaka, uliza kama kuna mtu wa ngozi na siku zake za kliniki. Wa Unguja waulizie Mnazi Mmoja.

Pale pale Moshi tangu 2012 wanatengeneza krimu ya kuzuia jua iitwayo Kilisun kwa ndugu zetu wenye ualbino, kazi iliyoanzishwa na mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto. Tanzania ina watu wenye ualbino wengi kwa uwiano kuliko nchi nyingi za dunia, na jua ndilo linalowapa saratani ya ngozi. Kila nikilisikia jambo hili nafikiria jinsi dunia ilivyo: mmoja anahangaika kuilinda ngozi yake isiyo na rangi isiuawe na jua, na mwenzake aliyepewa kinga ya bure analipa pesa aichubue. Ukijichubua, kwa hakika, kinga hiyo unaipunguza.

Nywele nitazipitia haraka. Mwaka 1907 mtafiti kutoka Austria aliandika juu ya wanawake wa Greenland, kwenye barafu kabisa, waliokuwa na upara pembeni mwa kichwa kwa sababu walifunga nywele kwa kuzivuta sana. Ndio upara uleule wa pembeni tunaouona kwa wasichana waliosukwa rasta za kubana, na kwa wenye kufunga kibwebwe cha nywele chini ya hijabu kila siku mahali palepale. Ukiwahi, zinarudi. Ukichelewa miaka, mizizi inakufa. Kwa hiyo msuko wa harusi usikulize, panadoli si sehemu ya saluni, na nywele mbichi zisifungwe chini ya hijabu mpaka zikauke.

Kucha zina mengi zaidi. Kuzikata ni katika mambo ya maumbile aliyotuusia Mtume, rehema na amani zimshukie, na tumeambiwa zisipite siku 40. Hina haizuii maji ya udhu kwa kuwa inaacha rangi tu, wakati rangi ya kupaka ya chupa na kucha za gundi zinaweka ukuta. Hilo mnalijua. Msilolisikia sana ni hili la piko. Hina ya kweli ni kahawia au nyekundu, inachukua saa kadhaa. Kinachokoza weusi kama wino kwa dakika chache ni piko, na ndani yake kuna kemikali ya rangi za nywele iitwayo parafenilenidiamini. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Khartoum, ambako wanawake walizoea kuichanganya na hina, madaktari waliandika mwaka 1992 juu ya watoto walioletwa hospitali wamevimba koo na uso kwa sumu yake, na wengine walikufa. Kwa bibi harusi kinachotokea zaidi ni malengelenge yanayofuata maua yaleyale aliyochorwa, siku chache baadaye, yakiacha kovu lenye umbo la ua. Na mwili ukishaikataa mara moja, unaikataa maisha yote. Utakapofika umri wa kuficha mvi utalikumbuka.

Hata hina safi isipakwe kichanga. Watoto wengi wa pwani wana upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na hina inaweza kuvunja chembe zao za damu hadi wakawa wa manjano.

Mstari mweusi kwenye kucha ni kawaida kwa watu weusi, hasa ukiwa kwenye vidole kadhaa. Lakini mstari mmoja mpya, unaopanuka, au weusi unaovuka kucha na kuingia kwenye nyama, hauchorwi hina juu yake, unapelekwa kwa daktari. Bob Marley alikuwa na doa chini ya kucha ya kidole cha mguu mwaka 1977. Ilikuwa saratani, na alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Ukienda kliniki, nenda miezi mitatu kabla ya harusi, si wiki tatu. Nenda uso mtupu, bila poda, kucha zimefutwa, nywele zimefumuliwa. Chukua mfuko, tia kila kopo unalopaka, hata lile la kuazima kwa shoga yako, hata lisilo na jina, umwekee mezani ayaone. Kama umekuwa ukipaka steroidi usiiache ghafla peke yako, mwambie, atakupunguzia kwa hatua. Na nenda na somo wako, maana yeye ndiye atakayekusinga na ni vyema asikie mwenyewe kwa masikio yake.